Tumezoea, Baba

Jumanne, 3 Septemba 1974

Daftari la kisomo cha watu wazima limebaki na kurasa nyingi. Mwalimu alisema aliyejua kuandika aandike kila siku, asije akasahau. Basi naandika.

Leo watu wa uwanja wa ndege wamejaribu injini tangu saa moja asubuhi mpaka saa nne. Ndege yenyewe hairuki — wameifunga pale pale nyuma ya ua wetu, inanguruma tu! Vikombe vinatembea mezani. Udongo wa ukuta umedondokea kwenye uji. Marselino wangu kalala. Mwaka mmoja na miezi minne, wala hashtuki. Jirani yangu Demetria anasema huyo atakuja kuwa rubani, mama Marselino, jiandae kupanda ndege bure. Nimecheka. Wa kwake injini ikiwashwa analia mpaka anatapika. Wangu mtulivu. Namshukuru Mungu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mkutano wa nyumba kumi. Balozi wetu, mzee Marijani, anasema Jumatano anakuja mkubwa kutoka uwanjani kutusikiliza. Ombi letu moja tu: injini wakazijaribie upande wa pili, kwenye mikorosho. Kule haishi mtu.

Kornelio, mume wangu, anapakia mizigo uwanjani. Nikamuuliza mbona hawaendi kule. Anasema mbali, trekta la kuvuta ndege litakula dizeli, na mafundi watachelewa chai. Nikasema, kumbe dizeli yao inakaa salama kwenye pipa, sie ndio tunaungua! Akachungulia nje. Halafu — mama Marselino, maneno hayo usiyaseme mbele za watu, unga wa humu ndani unatoka kule kule. Kweli unatoka. Na Demetria je? Mumewe anachonga vinyago, ndege hata kuigusa hajaigusa. Makelele anayapata sawa na sie.

Wamenichagua mie niseme, kwa kuwa nimemaliza kisomo.

Jumatano, 11 Septemba

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Tulifagia. Tukatandika mkeka mpya. Sukari tuliyoipangia foleni asubuhi nzima tukaimimina yote kwenye chai ya mgeni. Kaja — kijana tu, kaunda suti, kalamu mbili mfukoni. Habari za hapa, kina mama? Nzuri! Tukapiga na makofi. Makelele je, yanawasumbua? Na injini ilikuwa inanguruma saa ile ile, ikabidi aulize mara mbili kwa sauti ya kuita ng'ombe!

Wote wakanitazama mie. Mgeni kakaa mkekani kwangu, kashika kikombe changu. Kwetu Masasi mgeni humtwishi shida zako hajamaliza chai. Nikasema: tumezoea, baba.

Nilikuwa nangoja aseme poleni. Ndivyo watu wanavyoongea! Mtu akikuambia tumezoea, unampa pole, naye ndiyo anafunguka. Nilikuwa na maneno tele kifuani. Yeye hakutoa pole. Aliandika.

Kisha akamwona Marselino mgongoni. Mbona huyu kalala fofofo? Akacheka, akaandika tena. Akamweleza mzee Marijani kwamba kuhamisha majaribio ni gharama, na gharama lazima iwe na sababu. Gharama! Kwani sasa hivi haipo? Ipo. Ipo kwetu, ndiyo maana yeye haioni.

Akaondoka. Chai kaacha nusu kikombe, na sukari yote ile!

Demetria kabeba kiti chake. Kafika mlangoni kwake ndipo kasema: mwambie basi na mwanangu azoee.

Jumamosi, 14 Septemba

Demetria kaja kuomba moto. Nikajua kanisamehe. Wakati wa kuchota makaa kaangusha sufuria sakafuni, paa! Wa kwake karuka, kalia. Wangu alikuwa kaipa sufuria mgongo, anachezea mchanga. Hakugeuka.

Tukatazamana.

Mwite, akasema. Nikamwita. Mwite tena, dada. Nikamwita mpaka sauti ikanikauka. Hakugeuka mpaka kivuli changu kilipomfikia.

Au kazaliwa hivi? Alipokuwa mchanga nilimwimbia akageuka. Nakumbuka aligeuka. Au nataka tu kukumbuka.

Na mie nilikuwa najisifu!

Jumatatu, 16 Septemba

Nimekwenda uwanjani kwa miguu, mtoto mgongoni. Nimesimama getini mpaka jua likawa utosini. Karani kanijia na faili. Mama, karatasi imeshapita. Imeandikwa wakazi wamezoea. Si ulisema mwenyewe? Nikamwambia yule aliyelala fofofo hasikii, andika na hilo. Akasema hilo la hospitali, mama, si la uwanja. Alikuwa mpole. Kanipa na maji ya kunywa. Ndiyo imeniuma zaidi.

Kornelio sijamwambia. Siku mbili namkwepa macho. Nikimwambia ataendaje kesho kupakia mizigo? Na asipokwenda tutakula nini?

Sasa saa tisa alasiri. Naandika nimekaa kizingitini. Marselino anachezea kifuniko cha sufuria. Wamewasha tena. Kornelio huyo anaingia uani na kofia mkononi, ananiambia jambo — mdomo unafunguka, unafumba, sisikii hata neno. Na Marselino kainua uso, anamtazama baba yake mdomo, vile vile kama mie.

Nimempungia Kornelio mkono aje karibu. Anakuja. Itabidi nimwambie sikioni