Sakafu Inayopiga Jicho

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na presha yako je? Mimi nimeanguka kazini. Asubuhi tukipanga bidhaa tunakata mikanda ya plastiki ya maboksi na kuiacha chini, maana meneja anataka rafu zijae kabla mlango haujafunguliwa. Kuokota ni baadaye. Mguu ukanasa kwenye mkanda, nikaenda chini mzimamzima. Goti limevunjika, na jicho limegonga pembe ya rafu. Inabidi nipasuliwe, na duka limeahidi kulipia. Mume wangu ananibeba mpaka bafuni. Uji pia anapika yeye, una madonge lakini nakunywa. Nakutumia picha usije ukasikia kwa watu.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Presha ilikuwa imeshuka mpaka nilipoiona picha. Goti sawa. Sakafu gani hiyo inayopiga mtu jicho? Mwaka jana ulikuwa mkono, ukasema mlango wa friza. Kila mara ni duka, na kila mara muuguzi ni yeye, mpole kama maji ya mtungi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuzaa, niambie ukweli.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Ukweli ndio huo. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Hukumpenda tangu siku ya posa, kwa sababu alicheka ulipokuwa unaongea. Nakuomba uliache hili. Napasuliwa wiki ijayo.

Binti yako

18 Machi

Mwanangu,

Nimekusoma, na hofu yako nimeiona. Kama wewe huwezi kusema, nitakusemea mimi. Namba ya meneja wako ninayo.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikupasuliwa. Meneja alikuja hapa na kusema duka halilipi kitu, maana mama yangu mzazi amempigia simu akisema aliyeniumiza ni mume. Aliyasema mbele ya mume wangu, ambaye alikuwa ananipa dawa. Walioniona nikianguka wamenyamaza, kila mmoja anaogopa kibarua chake kuota nyasi. Nina hasira na wewe, mama.

Mume wangu hajafoka. Ila hanibebi tena. Jana nilimnyooshea mkono aniinue, akatoka kwenda kumwita jirani kwanza, ili pawe na shahidi.

Mwanao