Bi Zuhura Amevuta Pazia

Mama yangu,

Nassor ndiye anayekuja kaburini kila Ijumaa kukusomea. Mimi mwanao wa kike nakuandikia, maana kuna mambo najua kaka yangu hakwambii.

Tangu uondoke mtaa umekuwa mwingine. Mgeni mmoja alinyang'anywa mkoba kule mtaa wa Malindi. Mkoba mmoja, Mama! Lakini televisheni ya mtandaoni iliurudia asubuhi, mchana na jioni, mpaka watu wakaona kila kichochoro kina mwizi. Mtangazaji akawa anauliza, "Polisi wako wapi?" Basi polisi wakaja. Ikatoka amri: baada ya Isha hakuna kukaa barazani. Baraza yetu uliyokuwa ukiisugua kwa mikono yako, siku hizi paka ndio wanaoikalia.

Nassor hakuamini kwamba amri inamhusu mtu aliyekaa mlangoni kwao. Wakamchukua na kikombe cha kahawa mkononi. Kamera ikamwonyesha uso, na chini yake maandishi: "Vibaka wanaswa." Walimwachia, hawakumkuta na kosa lolote. Hilo halikutangazwa. Nilimpigia simu mtangazaji, nikambembeleza, akanambia habari hiyo imeshapita. Imepita kwa nani?

Sasa sikia linaloniuma. Bi Zuhura jirani yetu, aliyemnyonyesha Nassor ulipokuwa umelazwa, yule yule aliyekuwa akimwita "mwanangu wa ziwa" mbele ya kila mtu... Ramadhani hii Nassor alimpelekea futari kama ulivyotuzoesha. Akapiga hodi. Televisheni ilikuwa ikisikika ndani. Akapiga hodi tena. Mimi nilikuwa mlangoni kwetu, nikamwona Bi Zuhura kwenye dirisha la juu anamtazama, kisha akavuta pazia. Mara taa ya chumba hicho ikazimwa. Hana chuki, Mama. Anamwogopa kweli.

Nassor akarudi na sahani yake vile vile, imefunikwa.

"Labda keshaanza kusali," akasema.

Nikamwambia labda.

Sijui nifanye nini. Mtu akinikosea nitamfuata nigombane naye, lakini hii hofu nitaifuata wapi? Nimechoka, na wewe hupo.

Pumzika, Mama. Mwenyezi Mungu akutilie nuru kaburini. Nakuahidi jambo moja, kwa kuwa ndilo pekee ninaloliweza: Nassor hatajua kutoka kwangu kwamba mama yake wa ziwa alimwona.

Mwanao,
Salma