Baba Yetu Iraj, Aliyesubiri Jiwe Lijibu

Umetimia mwaka mmoja sasa tangu ututoke, mpendwa wetu Mhandisi Iraj Bavarsad, na nyumba yako ya mjini Gachsaran haijazoea. Mama bado anamimina chai glasi mbili.

Miaka thelathini na moja ulipima presha ya visima vya mafuta na kuipigia hesabu. "Mafuta ya kwenye nyufa za mwamba yana haraka," ulikuwa ukituambia, kipande cha sukari kikiwa shavuni. "Yaliyo ndani ya jiwe lenyewe hutoka kwa wakati wake. Msiyakimbize."

Ulikuwa mpole hata kwa waliokukosea. Yanayofuata naandika mimi, Taraneh, binti yako.

Ulikuwa umestaafu nilipokuita utushauri. Tulikuwa tumekifunga kisima kimoja cha kampuni ili tuone presha inavyopanda. Ikapanda, kisha ikatulia. Mimi, mkuu wa kitengo cha visima, nikasema kipimo kimekwisha. Ukatikisa kichwa.

"Hapo zimejibu nyufa tu, binti yangu. Jiwe bado. Nipe siku nne, itapanda tena. Mkikifungua kwa pupa, mtavuta maji yaliyo chini ya mafuta."

Wakubwa walitaka mafuta. Nami, mbele yao wote, nikakujibu, "Baba, zama za kukaa na birika la chai kungoja kisima zimepita!" Wakacheka. Nawe ukacheka, ukachukua kofia yako ukaenda.

Nikatia saini kisima kifunguliwe. Miezi mitano baadaye maji yalipanda kupitia nyufa, kisima kikawa kinatoa maji mengi kuliko mafuta. Hukunisuta. Ulikuja kwangu na mkate wa moto na jibini, ukasema, "Kula kwanza." Nikala. Nilijiambia nitakuomba radhi sikukuu yetu ya mwaka mpya, Nouruz. Hukuifikia.

Mwaka huu nimeiandika upya ripoti ya kisima kile: Mhandisi Bavarsad alionya, mkuu wa kitengo hakumsikiliza. Wakubwa wameniondoa kwenye ukuu wa kitengo. Nilipomweleza Mama, alinimiminia chai.

"Alishakusamehe siku ile ile," akasema. "Alikaa wiki nzima hapa mezani, anapiga hesabu za kukifungua kisima chako polepole. Alikuwa anasubiri umpigie simu."

Sikupiga, Baba.

Unakumbukwa na mkeo Mahin, wanao Taraneh na Siavash, dada yako Golnar, mjukuu wako Nilufar, na wapimaji wenzako wa zamani.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.