Kadi Inayoingiza Mgeni Mmoja

Majengo, Embu
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa binti yangu Shamima,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima kama mimi nilivyo mzima, ukitoa goti la kushoto, ambalo tangu turudi Umra limeamua kuishi maisha yake. Barua hii nimeiandika kwa kalamu halafu nikaipiga picha kwa simu, kwa sababu vidole vya mchinjaji havitoshi kwenye viherufi vya kioo. Ukiona doa pembeni usishtuke, ni la mbuzi.

Umeniuliza kwa simu kama ulipie mwaka mwingine ile kadi yako ya launji, ile sebule ya uwanja wa ndege ambayo watu hulipa ili wakae mbali na watu. Umesema mimi nimewahi kuingia, kwa hivyo niseme ukweli. Haya.

Siku ile ya kwenda, pale Nairobi, nilifurahi. Supu moto, chai isiyoisha, viti vinavyopokea makalio yote mawili kwa heshima. Najua nilikuaibisha. Nilivua viatu. Nilimuuliza mpishi kuku alichinjwa na nani, na aliposema hajui nikamfuata mpaka jikoni, maana nimechinja miaka arobaini na moja na siwezi kula kuku asiye na mchinjaji. Mpishi alikuwa muungwana, akanionyesha cheti. Nikala vipaja vinne, viwili vingine nikavitia kwenye mfuko wa kanzu kwa ajili ya safari. Wewe ukawa unaitazama simu yako kana kwamba imeota pembe.

Sasa hesabu ya buchani. Jirani yetu Mwalimu Njura, kabla ya kustaafu, aliwahi kunilipa mapema ili achukue kilo moja kila Ijumaa mwaka mzima. Mwezi wa kwanza akawa bwana harusi. Kufika Agosti anakula nyama siku ambayo tumbo linataka maharagwe, ati isiende bure. Kadi ni hivyo hivyo. Mtu wa kupanda ndege mara mbili kwa mwaka anunue chai yake na akae nje na sisi. Lakini wewe unawauzia watu wa mbali njugu za makadamia za huku kwetu, uko angani kila baada ya wiki mbili, na huko unakobadilisha ndege unangoja saa tano, saa sita. Wewe ni mteja wa kila Ijumaa.

Ila kabla sijatoa hukumu nina swali moja dogo. Hiyo kadi huingiza wageni wangapi?

Baba yako,
Swaib


Nairobi
16 Februari 2025

Kwa Baba yangu mpenzi,

Waaleikum salaam, na shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Goti ulipeleke hospitali, usilipake mafuta ya kondoo. Nakujua.

Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka mpaka wakaniuliza kama nalia.

Kuhusu wageni, Baba, inategemea. Viwanja vingine huruhusu, vingine wakijaa hukataa. Pale Adis Ababa siku ya kurudi walikuwa wamejaa, ndiyo maana nikakuambia ungoje pale kwenye viti vya mlango wa kupandia ndege, ule wa kumi na nne. Najua zilikuwa saa sita. Pole tena.

Faida moja hukuitaja: ukilala wanakuamsha. Mimi siku ile nilipitiwa kabisa, na yule msichana wa mapokezi akaja akanigusa bega wakati ndege yetu ilikuwa tayari inaitwa. Bila yeye ningeachwa. Naona hilo peke yake linatosha kulipia mwaka mwingine. Wewe waonaje?

Mwanzo wa Ramadhani sitaweza kuja, nina safari tatu. Tuombe uzima, tutaonana Idd.

Mwanao,
Shamima


Majengo, Embu
2 Machi 2025

Kwa Shamima, mwenye safari tatu,

Asalaam aleikum, na mfungo mwema. Hali yangu nzuri, ila njaa hunifanya mkorofi. Mama yako Rahema, Mungu amrehemu, alikuwa akiona mwezi umeandama ananificha visu.

Jana nilikuwa napekua ule mkoba wa Umra nikitafuta miwani. Miwani sikuipata, nikapata kijitabu kinachokuja na kadi yako. Kiingereza kitupu. Nikampelekea Njura. Akakisoma buchani kwa sauti, mbele ya wateja, kama anayesoma taarifa ya habari. Kinasema mwenye kadi anaingia na mgeni mmoja, halafu kuna orodha ya viwanja, na Adis Ababa imo.

Njura akaniangalia juu ya miwani. "Mzee Swaib, kwani wewe Adis ulikula nini?"

"Nilikula upepo," nikamwambia. "Ulikuwa na chumvi kidogo."

"Basi mgeni alikuwa nani?"

"Ngoja nimuulize mwenye kadi."

Sasa nakuuliza, mama. Mgeni alikuwa nani? Alivua viatu? Aliuliza kuku kachinjwa na nani? Maana mahali palipojaa, mimi nilijua hapaingii mtu. Kumbe mtu wa suti ni mwembamba, anapenya.

Njura anangoja jibu. Nimemuahidi utumbo.

Baba yako wa mlango wa kumi na nne,
Swaib


Majengo, Embu
6 Aprili 2025

Kwa Shamima,

Asalaam aleikum. Nakutakia afya. Idd imepita. Pilau ilipikwa, sahani yako ikafunikwa, ikafunuliwa jioni, akaila paka wa Njura, ambaye sasa ananifuata msikitini.

Simu yako inaita mpaka inachoka. Nimepiga mara nyingi kuliko nilivyompigia mama yako kabla ya ndoa, na siku hizo hatukuwa na simu. Ukiwa mgonjwa sema. Ukiwa na hasira na mimi, sema pia, mimi ni ngozi ya fahali.

Ile habari ya kadi niliandika kwa mzaha. Mzaha wangu nao umezeeka, una meno mabovu. Usinijibu swali lile. Niambie tu u mzima.

Baba yako,
Swaib


Nairobi
11 Mei 2025

Kwa Baba,

Asalaam aleikum, shikamoo. Mimi si mgonjwa. Nisamehe kimya hiki. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye salamu naona haya hata kukuuliza hali yako. Goti lako linaendeleaje?

Baba, hawakuwa wamejaa.

Mgeni alikuwa Bwana Kiogora, mkurugenzi wetu. Alikuwa anatoka Dubai, tukakutana pale mlangoni pa launji, akacheka kwamba kadi yake imekwisha muda, akasema nimwingize. Nikageuka, nikakuona unakuja. Kanzu ina doa la supu la tangu Nairobi. Umebeba dumu la zamzam begani kama gunia la mkaa, na mfuko wa tende umepasuka, unaokota tende moja moja sakafuni ukizipuliza. Na miaka sita mimi ofisini nimesema baba yangu ni mfanyabiashara wa mifugo. Sikusema bucha. Sikusema Majengo.

Yule msichana wa mapokezi akauliza, huyo mzee yuko nawe?

Nikasema simjui.

Halafu nikamwingiza Kiogora, nikatoka kuja kukudanganya. Ukaniambia, "Haya mama, nenda kapumzike." Nilienda, Baba. Nikala. Nikalala. Tumetoka kumwombea Mama Makka, na kabla hatujafika nyumbani nimekukana mbele ya mtu ambaye hata jina langu hulikosea.

Kadi yangu inaisha mwezi ujao. Nilikuuliza kama inafaa, lakini swali langu halikuwa hilo. Nilitaka kujua kama ulisikia. Barua zako zote mbili zilizofuata niliziona ni jibu, na sikuwa na uso wa kukushikia simu.

Sitalipia tena. Na Idd hii ya kuchinja sijui nitaingiaje mlango wako.

Shamima


Majengo, Embu
18 Mei 2025

Kwa mwanangu Shamima,

Waaleikum salaam. Goti linaendelea, tena limenipita mbele. Nimefurahi huna ugonjwa.

Nilisikia. Nilikuwa hatua tatu nyuma yako. Kiingereza changu kiliishia darasa la nne, lakini hicho ulichosema kilikuwa cha darasa la pili. Nikainama nikajifanya nafunga kiatu. Nilivaa makubadhi, na makubadhi hayana kamba, lakini nilikaa pale chini muda mrefu nikifunga.

Sitakuambia halikuniuma. Liliniuma mpaka mlango wa kumi na nne, na viti vile vya chuma vikaendeleza.

Sasa nikuambie usilolijua. Baada ya saa nne nilisimama kunyoosha hili goti, nikapita kwenye kioo cha sebule yenu. Bosi wako alikuwa ameshaondoka, nilimwona akikimbilia ndege yake ya Entebe. Wewe ulikuwa umelala, mdomo wazi, na viatu umevua. Nikasema, kumbe ni damu yangu. Ulikuwa umelala kama ulivyokuwa ukilala juu ya magunia nyuma ya bucha, mtu aliyechoka asiyejua amechoka. Nikarudi kukaa.

Ndege ikaanza kuitwa na wewe hutoki. Nikaenda kwa yule msichana. Sikuwa na maneno, nikamwonyesha tiketi yangu, nikamwonyesha ule ubao wa ndege, nikakuonyesha wewe na mtandio wako wa kijani. Akaniuliza, ni binti yako? Hilo pia ni la darasa la pili.

Nikatikisa kichwa. Nikakataa. Nilifikiri nikikubali, atajua ulidanganya, na utatoka pale ukiwa na aibu mbele ya mtu mgeni. Akaenda kukuamsha. Kwa hivyo usihesabu kuamshwa kama faida ya kadi.

Sasa ya kwangu, ambayo ni ngumu kuandika, kwa hivyo nitaandika haraka. Marehemu baba yangu alinifundisha kuchinja kwa mambo mawili. Kisu kiwe kikali, na mnyama asikione unapokinoa. Nimeshika hayo miaka arobaini na moja kwa mbuzi wa watu. Kwako wewe nilichukua kisu butu, nikakinoa mbele ya macho yako tangu Februari, barua baada ya barua, nikikuuliza wageni wangapi, mgeni nani, na jibu nilikuwa nalo. Tena nikafanya hivyo mbele ya Njura na wateja. Mnyama hafanyiwi hivyo. Ningekuuliza mara moja, tukalia, ikaisha. Nilitaka uumie kidogo kidogo kama nilivyoumia mimi kwenye kile kiti. Nikauita mzaha. Naona haya, mama, na mimi si mtu wa haya, wewe unajua, jikoni kwa watu nimeingia.

Njura nimemwambia kijitabu kile ni cha zamani na mgeni siku ile nilikuwa mimi. Nimemwambia nilikula samaki. Hakuniamini, lakini utumbo amekula.

Kuhusu kadi: lipia. Hukumu yangu ya Februari haijabadilika. Saa sita mara mbili kwa mwezi si mchezo, na mgongo ni mmoja. Asiyesafiri asinunue, anayesafiri kama wewe anunue, na asilie.

Na kuhusu kuingia mlango wangu. Wewe unajua desturi ya ini hapa kwetu. Tangu babu yako, siku ya Idd, aliyemkosea mwenzake hukata kipande cha ini la kwanza, akampelekea mkononi, na hakuna anayesema neno. Uliwahi kunipa ulipovunja mzani wangu, ulikuwa na miaka saba, ukanipa na mafuta yakichuruzika mpaka kiwiko. Mwaka huu kutakuwa na vipande viwili. Kimoja utanipa wewe, kimoja nitakupa mimi. Nikikata peke yangu nitampa nani, paka wa Njura?

Baba yako,
Swaib


Ujumbe wa simu
Alhamisi, 5 Juni 2025, saa saba mchana

Baba, asalaam aleikum. Niko Adis Ababa, natoka Dubai. Ndege ya Nairobi imechelewa kwa saa nne. Kadi nimelipia kama ulivyosema, iko mkobani. Lakini sijaingia. Nimekuja kukaa mlango wa kumi na nne, kwenye viti vyako. Ni baridi, Baba, na mkono wa kiti unachoma ubavu. Sikujua. Nataka nikae hizi saa zote nne. Kesho alfajiri nitatoka Nairobi kuja Embu. Ini usilikate.

Mwanao


Ujumbe wa simu
Alhamisi, 5 Juni 2025, saa saba na robo

Waaleikum salaam. Vidole vinateleza, naandika kwa kifupi.
Ondoka hapo. Nilikaa nje ili wewe ulale, si ili nawe uje kukaa nje.
Ingia, vua viatu, kula. Uliza kuku kachinjwa na nani.
Kabla hujalala mwambie yule msichana akuamshe, maana leo sipo.

Baba