Mupaka wa Colonne ya Majina

Lundi, tarehe 6 mwezi wa kumi — Butembo

Kichefuchefu tangu muchana, na sikukula kitu kibaya. Ni patron, mukubwa wa kazi yetu.

Wiki mingi nimetengeneza ile page ya ordinateur ya clinique ya Beni, kule mutaa wa Beu. Inafunguka na colonne tatu, moja kando ya ingine: kushoto majina ya bagonjwa, katikati majibu ya labo, kuume maneno ya docteur. Kati ya colonne na colonne niliweka mupaka. Unaukamata na souris, kale kapanya ka ordinateur, unavuta, colonne moja inapanuka, ya jirani inapunguka. Na ile ya majina niliipatia kipimo: isipunguke mpaka kukata jina ya mutu. Kila mutu na écran yake, kile kioo cha ordinateur, anapanga vile macho yake inataka. Nilikuwa na furaha, kweli.

Leo Patron Zorobabel ameitazama na kikombe cha chai mu mukono. Amesema ni vibaya. Eti ba infirmière, bauguzi ba pale, batachezea ile mipaka kama rideau ya dirisha. Toa! Mipaka isimame. Majina ipate kanafasi kadogo tu, kuume kupanuke, juu kuwe photo ya docteur na alama ya bureau yetu. Nilimuambia jina ikikosa nafasi inakatwa, kunabakia nukta tatu. Na huku kwetu kila familia kubwa iko na Kakule wake, jina ya mutoto mwanaume wa ine. Yeye mwenyewe baba yake alimupa Kakule. Akacheka. Akasema njo maana anajiita Zorobabel.

Nikatoa.

Mercredi, tarehe 8 — Beni

Leo tumeonyesha page ku clinique. Patron alileta machine ya kutupa picha ku ukuta — ukuta muzima! Pale colonne zote zinaonekana pana, majina yote kamili. Docteur Syauswa, mwenye clinique, amefurahi kuona photo yake. Makofi.

Kisha brochette ya mbuzi. Patron akaja kuonyesha batu ku ordinateur yangu na vidole vya mafuta, akiguza écran, akilamba vidole, akiguza tena. Sijapanguza. Naona zile alama bado.

Batu bakitoka, Da Rébecca akaniita. Ni infirmière mukubwa pale, mama wa sauti ya chini. Ordinateur yake ni ndogo, ya zamani. Akaniuliza: avute wapi ili aone mwisho wa majina? Nikainama. Ku écran yake: Kakule Vag… Chini yake: Kakule Vag… Hakuna pa kuvuta. Nilikuwa nimetoa.

Nikamuambia patron mu motokari. Amejibu: infirmière akamate jina kwa kichwa, anakula mushahara ya nini? Akaongeza sauti ya muziki.

Samedi, tarehe 11 — Butembo

Da Rébecca amepiga simu asubui. Sauti inakatika, nikafikiri ni réseau. Hapana. Alikuwa analia.

Kakule Vagheni Luc, mutoto bado hajaanza masomo. Kakule Vagheni Léonard, muchuuzi wa viazi, ametoka Alimbongo. Bote balipimwa damu jeudi. Labo iliona malaria kwa mutoto. Ku ile écran ndogo, majina mbili zinafanana, jibu ya mutoto ikasomwa kwa mukubwa. Muchuuzi akapewa dawa ya malaria, akaenda zake. Mutoto akarudishwa nyumbani na sirop ya homa. Jana mama yake amemurudisha mu mugongo, anatetemeka mwili muzima, haamuke.

Nikakimbia kwa patron kumuambia. Swali yake ya kwanza haikuwa kama mutoto ni muzima. Aliuliza: "Banajua kama ni page yetu?"

Nilitoka inje kutema mate. Sikuweza kubakia mu ile nyumba.

Dimanche, tarehe 12

Misa ya kwanza. Patron iko banc ya mbele, shati nyeupe, anaimba kupita bote. Alipokea komunyo. Nilitazama chini.

Kisha, hapo ku mulango wa kanisa, akanivuta pembeni. Kesho tunaenda Beni. Docteur anataka kujua kosa imetoka wapi. Mimi niseme mipaka ya colonne ilikuwa inavutika tangu mwanzo, na ni Da Rébecca mwenye aliipunguza vibaya.

Nikasema haivutike.

"Inavutika," akasema. "Nimeirudisha jana."

Nilipofika nyumbani nilifungua page. Ni kweli. Kazi yangu yote iko pale — mupaka unatembea, kipimo tu ya majina hakurudisha. Donc mutu anaweza kufinya majina mpaka yakatike. Aliichagua vizuri! Ile kitu nilimuomba aiache, ameirudisha juu ya kudanganya. Pale kanisani aliongeza eti Da Rébecca hatafungwa, batamufukuza tu. Na eti kuko clinique zingine zinatungojea.

Mama amenipa ugali na sombe. Nimesukuma sahani.

Lundi, tarehe 13 — Beni, couloir ya clinique

Niko naandika ku banc, inje ya mulango wa docteur. Patron alipiga mifano ya kuchekesha njia nzima. Nilifungua dirisha ya motokari sababu ya marashi yake.

Ndani amevuta mupaka kushoto, kuume, kushoto, mbele ya docteur. Laini sana. Da Rébecca alisimama bila blouse yake nyeupe ya kazi — banaisha kumunyanganya. Alisema tu: "Ile siku haikuvutika." Patron akamuhurumia na kichwa, kama mutu anamuhurumia mulevi. Nilimuchukia. Nilifungua kinywa, docteur akasema sisi bote tutoke, ataita moja moja. Ameanza na patron.

Mama mwenye iko kando yangu ni mama ya Luc. Sikujua. Ameniambia mwenyewe, anaitwa Adèle. Mutoto amefungua macho leo, lakini hamujue mama yake. Anaita mama huku anatazama ukuta. Bamemuambia eti infirmière alikosea, na yeye hapana kuelewa, juu Da Rébecca njo alimuzalisha uyu mutoto.

Sasa anatazama ordinateur mu magoti yangu. Ameuliza: "Ni wewe mwenye kutengeneza ile kitu ya majina?"

Mulango imefunguka. Docteur anaita jina yangu. Nyuma yake patron ananichekea, ananionyesha kiti.

Nimejibu mama kwanza. Nimesema ndiyo.

Amenikamata mukono wa kushoto, hapana kuachia. Anataka nimuelezee, na nitamuelezea yote. Docteur ameita mara ya pili — Eliane! — na patron hacheke tena.