Siri Aliyoambiwa Mama Kitenge

Doornfontein, Johannesburg
Jumapili

Kwako Yaya Denise, dada yetu mkubwa,

Pokea salamu za shemeji yako Damien, katika jina la Bwana. Mgongo wako umepata nafuu? Na mama mkwe, bado anang'ang'ania shamba na miguu ile mibovu? Sisi huku ni wazima, ila baridi imeanza kutuuma. Barua hii ataileta Jacques wa kanisani kwetu, anayerudi Bukavu. Chumba chetu ni kimoja, na kwenye simu mtoto angesikia.

Uliposema kwamba mtoto wa Murielle ni wako na nimlete umlee, nilikasirika, sikufichi. Mdogo wako amezikwa huku, na binti yetu Héritière ndiye pekee niliyebaki naye. Lakini nilijua pia kwamba tangu mazishi mtoto haongei nyumbani. Ananiitikia kwa kichwa tu.

Unavikumbuka vile vikaragosi vya mkono. Mimi nilivishona kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani, Murielle akavipa uhai mbele ya watoto wa kanisani. Basi nikamtoa Mama Kitenge kwenye mfuko, yule mwenye macho ya vifungo, nikidhani mtoto atazungumza naye. Eish, yaya, mkononi mwangu alikuwa soksi juu ya kijiti. Nilimrusharusha, nikampayukisha, Héritière akageuza uso. Mwishowe alikuja mwenyewe, akanipanga vidole: cha shahada shingoni, gumba na cha kati kwenye mikono. Akaninyoosha kiwiko ili bibi wa watu asilale upande.

Hapo nikakumbuka Murielle alivyowafundisha kina mama wa kanisani. Mtazame kikaragosi wako, na watu watamtazama yeye, wakusahau wewe. Avute pumzi kabla ya kusema. Mwili utangulie, maneno yafuate. Na mtu akizungumza naye, atulie kabisa, amwangalie, kwa sababu mtoto humwamini kikaragosi anayesikiliza kuliko anayecheza. Nikawa nafanya mazoezi kibandani ninaposhonea, wateja wakipungua, hadi Firmin, fundi mwenzangu, akalalamika kwamba asubuhi amemsalimu Mama Kitenge kabla ya kunisalimu mimi.

Leo baada ya ibada tulikaa kitandani, mimi na mtoto. Mama Kitenge akavuta pumzi, akamwangalia. Na Héritière akasema, kwa Kiswahili cha kwenu, ambacho nilidhani anakielewa tu. Alimwambia Mama Kitenge kwamba anajua mama hatarudi, lakini sauti ya mama bado ipo, iko kwenye simu kwa Tante Denise, na tante akicheka ni mama kabisa. Alisema anataka kwenda kukaa iliko sauti hiyo. Kisha akamsogelea sikioni akamwomba asimwambie Papa, maana Papa atabaki peke yake na atalia tena bafuni akifungulia maji.

Nilikuwa pale pale, yaya, goti langu limegusana na lake. Nilitaka kumtupa kikaragosi nimkumbatie mwanangu. Lakini anayesikiliza hutulia, nami nikatulia, macho yangu kwenye vile vifungo mpaka sivioni tena. Halafu Mama Kitenge akavuta pumzi, na kidole changu kikainama pamoja na kichwa chake. Aliitikia ndiyo. Mimi nilikuwa sijaamua lolote. Maneno yaliyopaswa kufuata sikuwa nayo, na mtoto hakuyasubiri. Alimbusu, akatoka kwenda kucheza.

Basi nitamleta shule zikifungwa. Nitamwambia uamuzi ni wangu, kwa sababu ya kazi. Nakuomba sana usimwambie kamwe kwamba nilisikia. Alimwambia Mama Kitenge, hakuniambia mimi.

Nisalimie mama mkwe na wote wa nyumbani, na Mungu awalinde mpaka tuonane. Mama Kitenge atakuwa kwenye begi la mtoto. Akikuletea, kidole cha shahada kiende shingoni, na avute pumzi kwanza. Mkono utazoea. Sauti unayo tayari.

Ni mimi shemeji yako,
Damien