Bwana Kutu na Masini ya Koko

Kindu, 8 Februari 1998

Mujomba Hamadi,

Kama uko muzima, sisi pia, al-hamdulillah. Kama unaumwa, pona mbio, kwani namba kumi na tatu ya Bwana Kutu, bede yetu ya hadithi za picha, haijafika na mutaa muzima unaniuliza mimi, kama vile mimi njo mwenye kuichora. Mama, dada yako, anakusalimia kutoka Kailo, mihogo yake imetoka mizuri. Koko, mama yako, hakukusalimia. Sikusahau kuandika, hakukusalimia.

Namba kumi na mbili Rémy wa treni aliniletea chini ya koti lake, haina hata kona iliyokunjwa. Nimeisoma mara nne mbele ya mulango, kiisha kusali alasiri. Watu walijaa mpaka wengine wakakalia kinu. Mimi nikisoma bede, muntu hakohoi. Sauti ya Kapteni Taa, mulinzi wa reli, naipitisha puani kama mwalimu. Ya Kutu naitoa tumboni. Pale Kutu anagusa reli kwa kidole kimoja na reli inageuka unga mwekundu, Espoir, mutoto wa jirani, alikimbia akaacha kiatu. Mwalimu wangu wa zamani naye alikuja, akasimama nyuma akijifanya anapita njia. Huyo njo alisema sitajua kusoma.

Sasa hapa tumegawanyika. Wengi wanasema Kutu ni mwizi na mubaya na atakufa mubaya. Mimi nasema hapana, si alimuacha mulinzi mumoja chini ya daraja akimbie? Koko alikuwa anachambua muchele, kumbe sikio liko kwetu. Akasema: "Muntu aliyeiba reli hawezi kuwa muzuri eti kwa sababu siku moja alisahau kuua." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwani nilijua si Kutu anayemusema.

Usikasirike. Mupwa akimutania mujomba wake, hakuna baraza ya kumuhukumu. Lakini tangu siku ile koko alienda matanga, nawe ukabeba masini yake ya kushona ukapanda nayo treni ya Lubumbashi, jina lako halitajwi ndani ya nyumba ya mama yako. Wewe ni "yule wa masini". Nguo alizokuwa anawashonea watu njo zilikuwa zinanilipia shule, basi nimeishia kalasi ya sita. Silalamiki! Kichwa kilikuwa kimeshajaa.

Tuma kumi na tatu.

Mupwa wako Amuri, musomaji wa kwanza wa Kindu


Lubumbashi, 15 Machi 1998

Amuri, mupwa wangu mwenye mdomo,

Habari za huko nimezipokea na nimezisoma nimesimama, sikuweza kukaa. Mimi sijambo, vumbi la huku tu linanikamata kifua. Namba kumi na tatu na kumi na nne hizi hapa.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nilifikiri nitafungua chumba cha kushona, mambo yakikaa sawa nimwite mama aje akalie kiti, awaamuru vijana. Mwezi wa pili wezi waliingia, masini ikaenda. Ningeandika nini? Nikanyamaza, na ukinyamaza mwaka mmoja, wa pili unakuwa mgumu zaidi. Sasa napakia magunia kwenye treni hiyohiyo inayofika kwenu. Naipakia, inaondoka, mimi nabaki.

Nataka kurudi nyumbani, Amuri. Sina ombi lingine. Lakini nikifika nikafungiwa mlango mbele ya mtaa, sitaweza kuishi tena popote. Wewe uko karibu naye. Mpime, bila kunitaja.

Mjomba wako Hamadi


Kindu, 20 Juni 1998

Mujomba,

Salamu kama kawaida, afya kama kawaida, koko alikuwa na homa siku tatu lakini ameshapona, jana alimufukuza mbuzi wa watu mpaka gare ya treni.

Kazi yako nimeifanya kwa akili ambayo wewe hauna. Nilimupima kwa Kutu. Nilisema moyoni: akimupenda Kutu, njia ya mujomba iko wazi. Shida ikawa namba kumi na nne. Kwa nini ulituma hiyo? Kutu anaenda kwenye kijiji cha wajane na anaharibu pampu yao ya maji! Mimi mbele ya watu nikaona mambo yanaharibika. Basi nikasoma yangu: "Kutu akaona huruma, akatengeneza pampu."

Koko akasimama. Akanyoosha mukono. "Lete."

Nikamupa. Akaisogeza mbali na macho. "Anatengeneza?"

"Ndiyo, koko."

"Na hawa wamama wanalia nini?"

"Wanalia furaha."

"Na pampu iko vipande viwili kwa furaha pia?" Akanipiga na ungo. "Herufi sizijui, lakini macho niko nayo. Soma vile imeandikwa! Kama ni mubaya, awe mubaya mbele yangu, nimujue. Muntu akija kunidanganya kwamba amepona, mulango nitaufunga mara mbili."

Nikasoma vile imeandikwa. Watu walimutukana Kutu mpaka jua likazama. Lakini wiki iliyopita Rémy alileta kumi na tano, na hiyo, mujomba, sikuongeza hata neno. Patron Makaa, mukubwa wa Kutu, amefunga wapagazi arobaini kwa minyororo, na Kutu amegombana naye juu ya kiburi tu. Anapita, anagusa minyororo mumoja mumoja, inaanguka unga. Kapteni Taa anakuja kumupa mukono, Kutu anatema mate chini na kwenda zake.

Koko akaweka ungo chini. Kiisha akasema: "Huyo sasa anaanza. Hajasema amekuwa muzuri. Anafanya."

Nikauliza: "Na akirudi kwa wale aliowaibia?"

"Arudi na kitu mukononi. Maneno niko nayo ya kutosha ndani ya nyumba, nina Amuri."

Umesikia? Usiniambie nikuchoree.

Mupwa wako Amuri, balozi


Lubumbashi, 25 Julai 1998

Amuri,

Nimesikia. Hujambo wewe, na mama, na wote?

Kuna masini ya miguu kwa mzee mmoja hapa anayestaafu. Nampakulia makaa na kumchotea maji kila jumapili, na ameniahidi hatampa mwingine. Mwezi wa kumi nitakuwa nayo. Nitapanda nayo treni, safari hii kuelekea upande wa haki, na namba kumi na sita mfukoni. Mama usimwambie. Ikichelewa, ataniita mwongo tena.

Nimetazama picha ya mwisho ya kumi na tano mara nyingi: Kutu juu ya daraja la chuma, anaenda kwenye mji aliouharibu, na daraja linaliwa na kutu chini ya miguu yake mwenyewe. Sijui kwa nini inaninyima usingizi, mimi mtu mzima.

Mjomba wako Hamadi


Kindu, 14 Mei 2000
(kwa karatasi ya Croix-Rouge)

Mujomba. Tuko wazima, mimi, koko na mama. Treni hakuna tangu vita ifike, chumvi ni ya kuonja kwa ncha ya kisu. Sijui kama barua zangu tatu zilifika. Hapa Croix-Rouge, watu wa Musalaba Mwekundu, wanasema tuandike habari za familia tu. Basi: Kutu alivuka daraja? Bibi wa karatasi ameniuliza huyu Kutu ni nani, nikamujibu ni ndugu ya mujomba.

Mupwa wako Amuri


Lubumbashi, 3 Desemba 2000
(kwa karatasi ya Croix-Rouge)

Amuri. Nimelia mbele za watu kwa kusikia muko wazima. Barua haikufika hata moja. Mimi mzima. Kile kitu ninacho, nimekifunika kwa shuka, kinangoja njia. Salimia yule ambaye hanisalimii. Kutu alivuka.

Mjomba wako Hamadi


Kindu, 17 Agosti 2003

Mujomba wangu,

Wanasema vita imeisha. Ndege zimeanza, na mama Geneviève anayeuza vitambaa amekubali kukuletea hii barua kama sitamuandikia ndani yake maneno mabaya juu ya bei zake. Kama ungali hai, mimi pia, na nimekuwa mukubwa, ndevu tisa.

Sasa sikia maajabu ya mupwa wako. Uliposema alivuka, nilishika kalamu. Kumi na sita mpaka arobaini na moja nimezichora mimi! Nyuma ya karatasi za shule, kwenye mifuko ya simenti, na wino ukiisha, makaa. Miguu ilinishinda, kwa hiyo Kutu anatembea sana ndani ya majani marefu. Lakini mutaa haukukosa alasiri hata moja, isipokuwa siku za risasi.

Kutu wangu anaingia mujini na kila bunduki anayogusa inageuka unga, ya upande huu na ya upande ule. Watoto waliniuliza ni askari ya nani. Nikawachora wote na buti za namna moja, nani atajua? Siku moja askari mumoja wa kweli akaingia kwenye baraza, akachukua karatasi. Akaangalia, akauliza polepole: "Na huyu anaweza kweli kufanya hivi?" Nikasema ni bede tu, shefu. Akakaa chini. Akasikiliza mpaka mwisho, na kesho yake alirudi kuuliza inaendelea vipi.

Kubwa bado. Mwezi wa sita koko alinisimamisha katikati ya kusoma.

"Huyu Kutu hana mama? Alitoka kwenye tope?"

"Mwenye kuichora hakumuchora, koko."

"Basi wewe muchore. Awe munene kidogo."

Nikamuchora, munene kidogo, amesimama mulangoni, Kutu mbele yake. Nikauliza: sasa anasema nini? Koko akasema ngoja. Alifikiri siku tatu, wateja wangu wakakasirika. Siku ya nne, akimwagia maji mboga zake, bila kunitazama, akasema: "Andika hivi: Umekawia. Ingia, mvua inakuja."

Nikachora mawingu, ingawa ilikuwa kiangazi. Watu walipiga makofi, wengine walilia, Espoir ambaye sasa ni kijana mukubwa alijifanya ni vumbi. Na koko akaongeza, kama muntu anayesema habari za muchele: "HAMADI tangu utoto alikuwa anaogopa mvua."

Nimeliandika kwa herufi kubwa usilipite. Miaka saba hakulitaja, mujomba.

Treni ikifika tu, panda.

Mupwa wako Amuri, muchoraji


Kindu, 9 Septemba 2004

Amuri, mupwa wangu uliyepotelea Punia,

Hujambo wewe na huyo Albertine wako? Miaka sita unanipigia kelele nije, na siku ninapofika wewe umefuata msichana msituni! Sasa naandika mimi, wewe usome.

Treni ilitukawiza siku kumi na tisa njiani. Nililala nimeegemea masini, na mguu nimeufunga nayo kwa kamba. Kwenye gare nilingoja wote washuke. Kisha nikaibeba kichwani mpaka kwetu. Watoto walinifuata, karatasi zako mkononi, mmoja akapiga kelele: "Njo yeye wa kwenye bede!" Amuri, ulimchora Kutu kwa sura yangu?

Mama alikuwa mlangoni. Amepungua. Niliweka masini chini, na maneno yote niliyoyapanga yakakimbia. Nikakumbuka tu alichosema juu ya kudanganya. Nikasema: "Mama, nilimdanganya Amuri. Kutu hakuvuka. Kwenye namba kumi na sita alianguka na daraja, akafa, na kumi na saba haikutoka kabisa."

Ndilo neno langu la kwanza kwa mama yangu baada ya miaka minane. Mjinga gani anasema hivyo?

Alinitazama toka kichwa mpaka miguu. Akasema: "Alikufa wapi? Jana alikuwa hapa, watu wote wamemuona."

Akashika masini, akazungusha gurudumu, akasikiliza sauti yake. Akaniita ndani. Nikafikiri nimesamehewa. Kumbe alikuwa anatafuta uzi. Akanipa sindano: "Tia. Macho yangu hayaoni tena tundu." Nikatia. Nikainuka kumpisha. "Unaenda wapi? Kaa. Wewe uliipenda sana hii masini, sasa shona."

Mimi, mpakia magunia! Wiki nne niko chini ya amri yake. Boubou ya kwanza, kanzu pana ya kike, ilitoka mkono mmoja unafika kwenye kiwiko tu. Aliifumua yote mbele ya mteja.

Sijui kama hii inaitwa msamaha au kifungo. Nalala vizuri.

Mjomba wako Hamadi, fundi


Kindu, 2 Aprili 2024
(kwa simu)

Amuri, salamu za mfungo. Watoto wako hawajambo? Vibao vya maduka unavyopaka huko Punia vinaendelea?

Mama mzima, miaka themanini na sita, na ulimi bado wa msichana. Kurasa ulizotuma tumemsomea jana kwenye simu. Anasema Kutu amekuwa mwema kupita kiasi na anachosha, umwambie aibe kitu, hata kuku.

Lakini siyo hilo ninaloandikia. Wewe unajua nimeshonea mtaa huu miaka ishirini. Uniformu, mashati ya bwana harusi, mpaka mapazia ya wakubwa. Mama kila Idi kitambaa chake anampelekea fundi Sofia, upande wa pili wa barabara. Kila mwaka. Anapita mbele ya meza yangu na furushi kichwani, anasema "fundi, kazi njema," anavuka. Sikuwahi kumuuliza. Ningeuliza kwa haki gani?

Leo ametoka na furushi. Nikainamisha kichwa kama kawaida. Likaanguka mezani kwangu. Kitambaa cha zambarau, chenye maua madogo. Akasema: "Mikono iwe sawa." Akarudi ndani.

Tangu asubuhi nimeshika mkasi. Bado sijakata.

Mjomba wako


Punia, 2 Aprili 2024
(kwa simu)

Mujomba! Weka mukasi chini, kunywa maji, ah, umefunga, basi pumua tu.

Napanda pikipiki kesho alfajiri, barabara mbaya ama nzuri. Nataka niwe nimekaa pale siku ya Idi akitoka nayo mulangoni. Pima mara tatu. Akina Sofia wote watakuwa wanaangalia.

Ikitoka vizuri, mimi ni mupwa wako na nitasema hivyo kwa sauti. Ikimubana kwapani, mimi nimekuja kumuona koko tu, mimi na wewe hatujuani.

Kata.

Amuri wako